Je, Shuleni Mfiwa Ni Nani?

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii nimeifunza darasani kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiitolea maana na matumizi kama ilivyo ada ya mitihani yetu, na kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza swali lililo wazi kabisa: je, shuleni mfiwa ni nani?

Nyumbani jawabu lajulikana. Kule pwani matanga huketiwa, wanawake wakalala chini mikekani, na mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi. Wabukusu wakishamzika mzee wa heshima, humwalika msemaji maalumu aongoze kumuse, nao watu huketi wakamsikiliza. Kila jamii ina namna yake ya kumwambia mtu, "Wewe umefiwa, kwa siku hizi hatukudai kitu." Shule haina namna hiyo. Shule ina kengele.

Mwalimu mwenzangu, niruhusu nikusimulie. Mwaka wa 1996 nilikuwa mwalimu wa darasa, kidato cha pili, katika shule moja ya bweni ambayo jina lake silitaji. Kijana mmoja aliugua malaria siku ya Alhamisi. Jumapili alfajiri akafia hospitalini. Jumatatu tulitangaziwa gwarideni, tukasimama kimya kwa dakika moja, kisha kengele ikalia na kipindi cha Hisabati kikaanza. Siku ya mazishi basi la shule liliwabeba viranja na walimu wanne. Sanduku la marehemu lilipelekwa kwao likiwa na kufuli yake. Dawati likahamishiwa stoo. Nami, kwa rula na kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake katika rejista. Mstari ulionyooka barabara, maana nilikuwa mtu wa unadhifu.

Yapata wiki tatu baadaye, kijana aliyekuwa akiketi kando yake akaacha kufanya mazoezi ya sarufi. Nilimwonya mara mbili. Mara ya tatu nilimcharaza viboko vinne, kwani kiboko hakikupigwa marufuku katika shule zetu hadi mwaka wa 2001. Hakulia wala hakujitetea. Jioni kiranja wa darasa alinijia ofisini, akanieleza kwamba vijana wale wawili walikuwa wakitumia kitabu kimoja cha sarufi, na kitabu chenyewe kilikuwa ndani ya lile sanduku lililokwenda kwao marehemu. Kuomba kitabu kingine kungemlazimu kijana alitaje jina la mwenzake, na jina hilo, tangu ile Jumatatu, halikuwa likitajwa na yeyote. Sisi walimu tulidhani tunawaepushia wanafunzi majonzi. Kumbe tuliwafunza kwamba aliyekufa hufutwa kama hesabu ya ubaoni.

Nchi hii imewazika wanafunzi kwa makumi. Wasichana 26 waliteketea Bombolulu mwaka wa 1998, wavulana 67 Kyanguli mwaka wa 2001, na watoto 21 wakafa Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, mwaka wa 2024. Mikasa kama hiyo huleta viongozi, kamera na, siku hizi, washauri nasaha. Lakini kifo cha kawaida, kifo cha mtoto mmoja, au cha mama wa mwanafunzi aliyerejea shuleni Jumatatu akiwa amenyolewa nywele, hakimleti mtu. Hicho humkuta mwalimu wa darasa peke yake, chaki mkononi.

Wapo wenzetu waliosomea ushauri, nami nawaheshimu. Hata hivyo huwasikia baadhi yao wakizitaja zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross, kuanzia kukana hadi kukubali, kana kwamba ni silabasi ya kukamilishwa kabla ya muhula kwisha. Kitabu chake cha mwaka wa 1969 kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokikaribia kifo, si na watoto waliofiwa. Mtoto haipandi huzuni kama ngazi. Leo atasakata kabumbu kutwa nzima; kesho ataangua kilio bwaloni kwa sababu githeri imepakuliwa, na rafikiye alikuwa akimwachia maharagwe.

Mimi mwenyewe nilipoondokewa na mke wangu, waliokuja kunifariji walikuwa wengi na maneno yao yalikuwa mema, siyakumbuki. Namkumbuka ajuza mmoja, jirani yetu, aliyekuja kila asubuhi na ungo wa mahindi, akaketi barazani, akaanza kupukuchua. Siku ya kwanza nilimtazama tu. Ya pili nikachukua hindi. Hatukuzungumza sana. Lakini mtu anayepukuchua hindi kavu hana budi kuwa pale alipo: kidole gumba kinamuuma, punje zinaruka, kuku wanakaribia. Kwa saa moja kila siku moyo wangu haukuwa makaburini, wala haukuwa katika nyumba tupu ya kesho, ulikuwa barazani. Wiki ilipopita nikaanza kumsimulia mambo ya marehemu bila kuulizwa, na asubuhi moja nikajikuta nacheka.

Niliporudi kazini nilibadili desturi yangu. Mara mbili tangu hapo darasa langu limefiwa na mwanafunzi. Jina lake nililisoma katika rejista kwa wiki nzima, kwa sauti, na darasa likakaa kimya kidogo kabla ya jina lililofuata. Dawati liliondolewa, ndiyo, lakini na wale waliokaa karibu nalo, tena siku waliyoichagua wenyewe. Mwanafunzi aliyefiwa nyumbani humtafutia shughuli ya mikono, kama vile kumwagilia miche au kuyabandika majalada ya vitabu vya maktaba, na mwenzake wa kuifanya naye. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akirejea kutoka mazishini, msimkwepe kwa kukosa la kusema. Yule ajuza hakuwa na la kusema.

Mkuu mmoja aliwahi kunilaumu kwamba napoteza vipindi. Huenda alisema kweli. Silabasi ni ndefu, na mtihani wa kitaifa haumsubiri mfiwa. Ila yule kijana wa 1996 alipoteza muhula mzima na hakuna aliyeuhesabu.

Nilikutana naye miaka michache iliyopita katika kituo cha matatu. Ni mtu mzima sasa, ana watoto. Nilimwomba radhi kwa vile viboko vinne. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza iwapo ile rejista ingalipo, na kama jina la rafikiye laweza kusomeka chini ya wino mwekundu. Nilimwambia sijui. Nimeiandikia shule barua, bado sijajibiwa.