Barua za Mashine Zisiwe Kinga ya Watendaji

Zamani barua ya uhamisho ilipotoka makao makuu ya wilaya mjini Kilosa kwenda kwa mwalimu wa Mikumi, ilipita mikononi mwa mchapaji aliyeipiga taipu, karani wa masjala aliyeipa namba ya jalada, na ofisa aliyeitia saini. Kila mmoja wao alilisoma jina. Siku hizi orodha ya majina mia kadhaa yaweza kuingizwa katika programu ya kompyuta, na kabla ya saa nne ya chai kila mwalimu akawa amepelekewa barua pepe inayoanza kwa jina lake, ikiwa na kiambatisho chake. Hayo ni maendeleo, na hakuna sababu ya kuyabeza. Mwalimu wa kijiji kilicho mbali na reli, na mbali na barabara kuu ya Iringa, hana haja tena ya kupoteza siku nzima ya masomo akifuata karatasi moja Kilosa.

Lakini wako watendaji katika nchi hii walioipokea mashine hiyo kama likizo.

Mashine haimjui mtu. Inachojua ni mstari wa jedwali: safu ya jina, safu ya anwani, safu ya faili la kuambatishwa. Karani akizipanga safu mbili za kwanza kwa alfabeti akaisahau ya tatu, mashine haitashtuka. Itaendelea kwa adabu ile ile, "Ndugu" fulani, na kumpa kila mmoja karatasi ya mwenzake: mshahara wake, makato ya mikopo yake, cheki namba yake, pengine na onyo la kinidhamu ambalo mwenyewe hajaliona. Barua ya karatasi iliyokosewa iliweza kurudishwa masjala ndani ya bahasha yake. Hii, ikishafunguliwa, hairudi.

Wengine, kwa kutafuta wepesi, hutumia programu zilizobuniwa kwa matangazo ya biashara. Mwenye nyumba ya wageni Mikumi anayewaarifu watalii wa mbugani juu ya bei za msimu anazitumia kwa kazi yake halali, mradi watu hao wamekubali kuandikiwa. Ofisi ya umma si nyumba ya wageni. Programu nyingi za namna hiyo hutunza orodha katika mitambo iliyo nje ya nchi, na huhesabu nani amefungua barua na saa ngapi. Baadhi hata hazibebi kiambatisho, bali huweka kiungo ambacho yeyote atakayekipata aweza kukifungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeweka masharti juu ya taarifa za watu kupelekwa nje ya mipaka. Tena Serikali inao mfumo wake wa barua pepe, chini ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Kisingizio cha kutojua hakipo.

Lililo baya zaidi ni ule mstari mdogo wa mwisho: "Tafadhali usijibu barua pepe hii." Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na ubabe. Waliouandika hawakuwa na barua pepe, lakini mstari huo wangeutambua mara moja. Kumwita mtu kwa jina lake, kumwamuru ahame, kisha kumfungia mlango wa kuuliza, ni urasimu ule ule uliobadili nguo.

Hapana budi kila barua ya namna hiyo ibebe jina la ofisa aliye hai na namba ya simu inayopokelewa. Kabla ya kutuma, karani ajipelekee mwenyewe barua chache za mwanzo, za katikati na za mwisho wa orodha, akifungua kila kiambatisho na kukilinganisha na jina. Na Ofisa Elimu Kata apewe nakala ya orodha ya walioandikiwa, kwa ajili ya yule mwalimu ambaye simu yake haikupata mtandao wiki nzima, huku muda wake wa kukata rufaa ukihesabiwa tangu siku ambayo kompyuta ya ofisi iliandika "imetumwa".