Hiyo "protini ya kinga" mnayouza bwenini ni chakula cha seli

Najua nimepotea. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, halafu bumu likachelewa na vocha ikaisha. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Juzi nilikwenda kumwamkia mama mdogo. Anaishi na VVU miaka mingi sasa, ARV zake anameza kila siku saa mbili usiku, na amenikubalia niandike haya. Mezani nikakuta pakiti tatu za unga. "Mwanangu, hii inaongeza kinga. Kaniletea kijana wa chuoni kwenu." Elfu sitini! Kauza kuku. Kipeperushi kinasema eti ndani mna interlukini-2 ya binadamu, inayotumika kwenye maabara kubwa duniani.

Sasa mimi nasomea ualimu wa baiolojia na kemia, kwa hiyo ngoja nikufundishe bure, ndugu muuzaji.

Interlukini-2 ipo kweli. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliona kwamba kuna kitu kinachozifanya seli T za binadamu ziishi na kuzaana kwenye chupa ya maabara, badala ya kufa baada ya siku chache. Wakakiita kikuza seli T. Mwaka 1983 Tadatsugu Taniguchi na wenzake kule Japani wakatangaza kwamba wameipata jeni yake. Siku hizi jeni hiyo hupandikizwa kwenye bakteria wa E. coli, bakteria anaitengeneza protini ya mtu, inasafishwa, inakaushwa, inauzwa kwa mikrogramu. Na kichupa huandikwa: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Kazi yake ni kulisha seli. Tena ni kazi ya heshima, maana mwaka huo huo wa 1983 wale wa Taasisi ya Pasteur pale Paris walipokipata kirusi cha UKIMWI, seli za mgonjwa walizikuza kwa interlukini-2.

Haya, wewe unamwambia mama akoroge kwenye uji. Protini! Mtoto wa kidato cha pili anajua pepsini inafanya nini tumboni. Hata kama pakiti ina hicho unachodai (mimi naona ni unga wa soya tu), ukiimeza inameng'enywa kama maharage ya kantini.

Najua utaniambia kuna sindano. Ipo. Marekani iliiruhusu mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Lakini hiyo hutolewa hospitali, mgonjwa anaangaliwa kwa karibu, kwa sababu dozi kubwa hufanya mishipa midogo ivujishe maji na presha inashuka vibaya. Si kitu cha kubeba kwenye begi la daftari.

Na hapa ndipo nataka usome mara mbili. Wazo la kuwapa watu wenye VVU interlukini-2 ili CD4 zipande lilijaribiwa, tena kwa sindano halisi. Tafiti mbili, ESPRIT yenye watu 4,111 na SILCAAT yenye 1,695, matokeo yakatoka mwaka 2009. Wengine walipewa ARV peke yake, wengine ARV pamoja na sindano, wakafuatiliwa kama miaka saba hadi minane. CD4 zilipanda kweli, kwa wastani 159 zaidi kwenye ESPRIT na 53 kwenye SILCAAT. Je, waliugua kidogo zaidi? Hapana. Walikufa wachache zaidi? Hapana. ESPRIT ikaonyesha hata madhara makubwa yalikuwa mengi kwa waliodungwa. Namba ilipendeza kwenye karatasi, mgonjwa akabaki pale pale.

Ila walimu na sisi tuna kesi ya kujibu. Mwezi uliopita tu nilisimama mbele ya darasa nikasema kinga ni jeshi, askari wakiongezeka unashinda. Vijana wakaandika. Sikuwaambia kwamba interlukini-2 hiyo hiyo hulisha pia seli T zinazoituliza kinga, wala kwamba panya waliozaliwa bila jeni yake hawakuishia kuwa wanyonge tu, kinga yao iliwageuka ikashambulia utumbo wao wenyewe. Ukimfundisha mtu kwamba kinga ni tangi la kujazwa, usishangae akija mwenye ndoo.

Nilimweleza mama mdogo yote haya, taratibu, hadi uji ukapoa. ARV anazopewa bure kliniki ndizo zinazomweka hai, nikamwambia asirudi nyuma hata siku moja. Akasikiliza, akanyamaza, halafu akaniuliza, "Sasa kuku wangu?"

Pakiti zote tatu ninazo kwenye begi. Kijana anakaa ghorofa ya pili, jengo letu hili hili. Jioni nagonga mlango.