Kuopoa si Kuokoa Tu



Katika Baba Yetu tunayoisali Wakatoliki kwa Kiswahili, tunamwomba Mungu "utuopoe". Siku hizi tunawasikia vijana parokiani wakitamka "utuokoe", na wapo wanaoamini kabisa kwamba "utuopoe" ni kosa la mchapaji. Wengine wanasema neno limezeeka, libadilishwe. Sisi tunaona libaki, kwa sababu maneno haya mawili hayasemi jambo moja.

Kuokoa ni neno pana. Anayekuzuia usipande mtumbwi mbovu amekuokoa, ingawa hukulowa. Kuopoa ni kumtoa mtu au kitu kilichokwisha tumbukia: ndoo kisimani, wavu uliozama ziwani. Aliyesimama ufukweni haopolewi.

Kwetu Rukuba, neno hili halihitaji kamusi. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 20, 2018, watu zaidi ya 200 walikufa, na kwa siku kadhaa habari zilikuwa za miili iliyoopolewa. Hata hivyo, baada ya siku mbili wazamiaji walimwopoa fundi wa kivuko akiwa hai, kutoka ndani ya chombo kilichopinduka. Kumwita kutoka nje kusingetosha. Ilibidi mtu azamie, amfuate alipo.

Ndiyo imani yetu. Sala hii inakiri kwamba tumo "maovuni", kama mtu anavyokuwa majini. Hatuko pembeni tukiyatazama maovu kwa mbali. Ndiyo maana Neno alifanyika mwili, akashuka tulipo. Petro alipoanza kuzama, Yesu hakumpa somo la kuogelea. Alinyosha mkono akamshika.

Watasema sala isiyoeleweka haimfai mwamini. Ni kweli, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulizifungulia mlango lugha zetu katika liturujia ili waamini washiriki kwa kuelewa. Lakini tukifuta kila neno gumu, tutabaki na sala nyepesi na waamini wasiofundishwa. Makatekista wetu, tunawaomba dakika tano tu katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Katika jumuiya ndogondogo, mpeni mvuvi nafasi aeleze maana ya kuopoa. Atawaelewesha watoto kuliko sisi wanafalsafa.

Anayejidhani yuko nchi kavu haombi kuopolewa. Hiyo ndiyo hatari ya kulipoteza neno hili.