Mikumi Haitajengwa kwa Kuibomoa KIA

Mwandishi mmoja anataka ndege za masafa marefu ziondolewe Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), ziletwe zote Dar es Salaam, akiamini ndipo Hifadhi ya Mikumi itajaa wageni. Sikubaliani naye hata kidogo. Shirika la ndege hufuata abiria. KIA ina Kilimanjaro na Serengeti. Dar ina biashara. KLM, Qatar Airways na Ethiopian tayari hutua viwanja vyote viwili.

Wageni wanashuka Dar kila siku, na hifadhi yetu inakatwa na barabara kuu ya kwenda Zambia. Wanatupita! Tangu 2024 treni ya SGR inasimama Kilosa. Mgeni akishuka pale, nani anampokea na kumfikisha Mikumi? Hilo tuiulize halmashauri na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), tuwaache wenzetu wa kaskazini na ndege zao.