Kuruta Pakomi na Mkate wa Jioni

Yapata mwaka 312, mashua iliyojaa vijana wa Misri ya Juu ilikuwa ikishuka na maji ya mto Naili kuelekea kaskazini. Vijana hao hawakujiandikisha kwa hiari yao. Kaisari Maximinus Daia, aliyetawala pande za mashariki za dola ya Kirumi, alihitaji askari wa vita yake, na watu wake walipita vijijini wakichukua vijana wenye nguvu. Miongoni mwao alikuwamo mmoja wa umri wa miaka 20 hivi, mzaliwa wa upande wa Esna, jina lake Pakomi. Wazazi wake waliabudu miungu ya kale ya nchi yao, naye mwenyewe hakuwa Mkristo.

Mashua ilipofika Thebes, mji uitwao leo Luxor, makuruta wale walifungiwa gerezani wasije wakatoroka usiku. Askari aliyekaa jeshini miaka mingi hana haja ya kuelezwa ulivyokuwa usiku ule. Mtu ametengwa na mama yake, hajui aendako, tumbo li tupu, na walio juu yake wanamhesabu kama gunia ghalani. Njaa ya namna hiyo haikai tumboni peke yake. Huanzia tumboni, kisha hupanda, ikamfanya mtu ajiulize kama yuko yeyote duniani amjaliye.

Jioni ile wakaingia watu wa mji, wamechukua mkate na vyakula vingine. Waliwasihi vijana wale, wakawashurutisha kula, maana walikuwa katika huzuni kubwa. Pakomi akastaajabu. Akauliza ni akina nani hawa, na kwa nini wanawatendea wema watu wasiowajua. Akajibiwa kwamba ni Wakristo, nao hutenda hivyo kwa ajili ya Mungu wa mbinguni.

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika masikioni mwetu leo. Maximinus Daia alikuwa mtesaji wa Wakristo. Mwaka 311, yaani muda mfupi tu kabla ya jioni hiyo, Petro, Askofu wa Aleksandria, alikatwa kichwa chini ya utawala wake. Kwa hiyo Wakristo wa Thebes walikuwa wakiwalisha makuruta wa mfalme aliyekuwa akiwaua viongozi wao, na huenda miongoni mwa waliobeba vile vikapu walikuwamo waliofiwa na jamaa zao kwa amri yake. Hawakutanguliza mahubiri ndipo wagawe mkate. Waligawa mkate, na mahubiri yakaja baadaye, kwa sababu mtu mmoja aliuliza.

Aliyeandikwa kwamba aliuliza ni mmoja tu. Wenziwe walikula mkate ule ule, na bila shaka walishiba. Yeye pia alishiba, lakini akaondoka pale ana njaa nyingine ambayo hakuwa nayo alipoingia. Usiku huo alijitenga pembeni, akamwomba huyo Mungu asiyemjua bado, akimwahidi kwamba akitolewa katika dhiki ile, atawapenda watu wote na kuwa mtumishi wao siku zote za maisha yake. Hakuomba maono wala miujiza. Njaa ya roho yake, tangu siku ya kwanza, ilikuwa njaa ya kutumikia.

Mwaka 313 Maximinus alishindwa vitani na Licinius, na makuruta wakaachiliwa. Pakomi hakurudi kwao. Alikwenda kijiji cha Sheneset, akafundishwa, akabatizwa. Alipanda mboga kando ya mto, akala yeye pamoja na maskini wa kijiji na wasafiri waliopita. Tauni ilipoingia, aliwauguza wagonjwa na kuwatafutia kuni. Ndipo alipojifunga kwa mzee mmoja mkaa pweke, jina lake Palamoni, aliyekuwa hodari wa kufunga kupita kiasi. Chakula cha mzee huyo kilikuwa mkate na chumvi. Siku ya Pasaka Pakomi alitia mafuta kidogo katika chumvi, akidhani kwamba sikukuu yaruhusu. Mzee akajipiga usoni, akalia, akasema iweje yeye ale mafuta, naye Bwana wake amesulubiwa. Pakomi akayaondoa mafuta yale. Alikaa na Palamoni miaka ipatayo saba, akajifunza kwake kwamba mtu aweza kulitawala tumbo lake mwenyewe. Jambo ambalo hakujifunza kwake, wala kwa mtu mwingine yeyote, ni kulitawala tumbo la jirani.

Hapo ndipo Wakristo wengi hujikwaa hata leo. Wapo wanaolichukua lile neno la Yesu kwamba mtu hataishi kwa mkate tu, wakalitupa mbele ya mwenye njaa kama jiwe. Husahau neno hilo lilisemwa wapi. Yesu alilisema jangwani, baada ya kufunga siku 40, mwenye njaa akiwa ni yeye mwenyewe. Na aliyekataa kugeuza mawe yawe mikate alikataa kwa ajili ya tumbo lake. Ilipokuwa zamu ya matumbo ya wengine, wanaume wapatao 5,000, mbali na wanawake na watoto, hakuwaambia kwamba neno latosha. Wanafunzi wake ndio waliotaka watu waende zao wakajitafutie chakula vijijini. Yeye aliwaketisha majanini, na vipande vilivyobaki vikajaza vikapu 12. Kesho yake, watu walipomfuata hadi Kapernaumu wakitaka mkate tena, hapo ndipo alipowaambia habari za mkate udumuo. Aliwaambia wakiwa wamekwisha kula. Hata katika sala aliyoifundisha, anayesali haombi mkate wake. Huomba mkate wetu.

Tena dini yenyewe haikuchelewa kupatwa na ugonjwa huo. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa sababu walikusanyika kwa chakula cha Bwana, huku mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Yakobo aliuliza yafaa nini kumpa mwenye njaa maneno ya baraka bila kumpa chakula. Nyaraka hizo zilikuwa zikisomwa makanisani muda mrefu kabla ya Pakomi, lakini ilihitajiwa jamaa nzima ya watu wanaoishi pamoja ili ionekane zinavyotendeka katika sufuria.

Jamaa hiyo Pakomi aliianzisha Tabennisi, kando ya Naili, baada ya mwaka 320. Kabla yake watawa wengi wa Misri walikaa peke yao majangwani au karibu na vijiji. Yeye aliwakusanya katika nyumba zenye wakubwa wao, zamu zao, sare zao na saa zao za kazi na za sala. Aliyepata kuishi kambini angeona kwamba mahali pale si pageni sana kwake. Waliishi kwa kusuka mikeka na vikapu, kulima na kuoka mkate. Meza iliandaliwa kwa wote. Aliyetaka kufunga alifunga. Aliyetaka kubaki chumbani kwake kwa mkate, chumvi na maji aliruhusiwa. Walipokula walivaa kofia za kufunika kichwa, na kila mmoja alikatazwa kutazama mwenziwe alavyo. Sheria hiyo ingefaa katika mesi nyingi, na hata katika nyumba ambamo mgeni huhesabiwa matonge. Wagonjwa walikuwa na mahali pao na chakula chao, nao walipewa hata divai, ambayo wazima hawakuonja.

Katika jamaa hiyo lilitokea jambo la mpishi na mikeka. Pakomi alikuwa ameondoka kuzitazama nyumba nyingine. Mpishi aliona kwamba watawa wengi wanajinyima chakula cha moto, wakiridhika na mkate. Akafikiri kwamba kupika ni kupoteza mafuta na mboga bure. Basi akaacha kupika, akaketi na wasaidizi wake kusuka mikeka. Pakomi aliporudi, alipokewa na watawa, na katikati yao mtoto mdogo akapaza sauti akashtaki kwamba tangu baba alipoondoka hawajapikiwa mboga wala uji. Pakomi akamwambia asihuzunike, atampikia yeye mwenyewe. Kisha akaenda jikoni, akamkuta mpishi kazini na mikeka yake. Akamwuliza imekwisha kupata mingapi. Mpishi, huenda kwa fahari, akajibu kwamba ni 500. Pakomi akaamuru iletwe yote mbele yake, akaitia moto.

Mikeka 500 ni kazi ya mikono mingi na siku nyingi, na ingeuzwa ingeleta fedha. Mtunza bohari yeyote angeshika kichwa. Hata hivyo Pakomi alikuwa na sababu, naye aliieleza. Yule aliyejinyima chakula kilichowekwa mbele yake amemtolea Mungu kitu. Bali asiyepewa chakula hajatoa lolote, amenyimwa tu. Mpishi aliwaibia wenye nguvu sadaka yao, na wale waliokuwa dhaifu, na watoto, na wagonjwa, akawaibia mlo wao. Aliokoa mafuta, akapoteza watu.

Wakati mwingine mtawa mmoja aliyekonda kwa ugonjwa aliomba nyama. Mkubwa wa nyumba akakataa kwa kuwa haikuwa desturi. Mgonjwa akaomba abebwe mpaka kwa Pakomi. Ilipofika saa ya kula, Pakomi akaletewa chakula kama wengine, lakini hakukigusa. Aliwauliza iko wapi hofu ya Mungu, ikiwa hawaoni kwamba mtu huyu amekuwa kama maiti. Wakalia, wakatuma upesi anunuliwe mwanambuzi, akapikwa, mgonjwa akala. Ndipo Pakomi naye akala mboga zake.

Mambo haya ni ya watawa, na msomaji mwenye mke na watoto aweza kudhani kwamba hayamhusu. La hasha. Yuko baba atangazaye mfungo nyumbani wiki ambayo mshahara umekwisha kwa mambo asiyotaka yajulikane, akawaita wanawe wavumilie kwa jina la Bwana. Yuko mama atoaye sadaka kubwa ili sauti ya mhubiri imtaje, na nyumbani mtoto anakwenda shule hajanywa hata uji. Hao hawakufunga. Wamewafunga wengine. Yuko pia yule wa upande wa pili, ambaye huleta unga, sukari na mafuta kila mwisho wa mwezi, akidhani amemaliza wajibu wake, na hajapata kuketi na mwanawe hata robo saa amwulize analala akiwaza nini. Nyumba yake imeshiba, lakini ndani yake mna watu kama wale makuruta wa Thebes kabla mlango haujafunguliwa.

Liko jambo jingine moja, ambalo laweza kuwachoma wanaokabidhiwa ghala na bohari. Mwaka mmoja Misri ilipatwa na njaa, ngano ikaadimika. Pakomi akamtuma mtawa kwa fedha akanunue. Mtawa huyo akafika mji wa Hermonthis, akampata ofisa mmoja mcha Mungu aliyekuwa na ngano ya serikali chini ya mkono wake. Ofisa, kwa kuwapenda watawa, akampa kwa bei rahisi mno, kiasi kwamba fedha ile ilinunua zaidi ya maradufu ya ambayo ingenunua sokoni; akamwongezea na nyingine kwa mkopo, akisema serikali haitaidai mpaka mavuno. Mtawa akarudi na mashua imejaa, akitazamia kusifiwa. Pakomi aliposikia, akakataza hata punje moja isiingie katika nyumba yake. Akaamuru ngano ile iuzwe kwa watu wa nje kwa bei ile ile ndogo iliyotozwa, ofisa arudishiwe haki yake yote, kisha inunuliwe nyingine kwa bei waliyonunulia watu wote. Yule mtawa hakutumwa tena. Alikuwa na njaa, na wenziwe wana njaa, na ofisa alikuwa mtu mwema, hakuna aliyeiba. Wengi wangelisha watoto wao kwa ngano ile wakamshukuru Mungu, na si rahisi kuwalaumu. Lakini Pakomi aliona kwamba njaa ya mwaka ule ilikuwa ya Misri nzima.

Pakomi alifariki mwaka 346, katika tauni iliyowachukua watawa wengi, akaacha nyumba tisa za wanaume na mbili za wanawake. Miaka kadhaa kabla ya hapo alipata kuugua sana. Mwanafunzi wake Theodori, aliyempenda kama baba, alimfunika blanketi zuri. Mgonjwa akaamuru liondolewe, afunikwe lililo sawa na la wengine. Theodori akamletea konzi moja ya tende. Pakomi akazitazama. Akamwuliza kama kwa sababu wao ndio wenye amri juu ya kazi na mahitaji ya ndugu, basi ndio wajichukulie; na je, amepita kwanza katika vibanda vyote, akahakikisha kwamba hakuna mgonjwa mwingine? Theodori hakuwa amepita. Zile tende zikarudishwa.