Mastaa Mnaoposti Mabasi ya Maboksi, Lipeni Basi!

Kuna staa mmoja wa Bongo, jina kapuni, ana kamchezo kake. Akiona video ya dogo wa mkoani ameshika basi dogo alilolitengeneza mwenyewe, anaidaka, anakata jina la mwenye video, anaweka emoji ya machozi na kuandika: "Serikali mwoneni huyu." Laiki zinamiminika. Dogo hapati hata vocha. Na hayuko peke yake: kuna mchekeshaji na mdada mmoja wa mambo ya urembo nao wanakula hapohapo. Wanajijua.

Madogo hao wako kila mkoa, ila chukua mfano wa Tukuyu kule Rungwe. Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu inapita palepale. Malori ya Malawi, mabasi, Coaster, Fuso zilizojaa ndizi, vyote vinapita mbele ya macho ya mtoto kila siku. Zamani alichokiona alikiiga kwa kipande cha mgomba, au waya uliokunjwa na tairi za soli ya kandambili. Gari la mgomba lilinyauka ndani ya siku chache, na la boksi likiachwa nje halikupona, maana mvua ya Tukuyu haina likizo.

Siku hizi mambo ni mengine kabisa. Boksi gumu, plastiki za madumu, gundi, rangi ya kopo, taa za LED zinazowaka kwa betri ya simu ya zamani. Milango inafunguka, siti ziko ndani. Barabarani Leyland zimewapisha Yutong na Zhongtong, na kwenye maboksi vilevile. Na fundi mwenyewe mara nyingi si mtoto tena. Ni kijana mzima anayetafuta hela.

Sasa linganisha na wenzetu wa Ulaya. Kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitoa Spitfire yake ya kwanza ya kuunganisha mwaka 1953. Ndani ya sanduku kuna vipande vya plastiki vilivyotoka kiwandani, pamoja na karatasi ya maelekezo. Kazi yako ni kugundisha na kupaka rangi. Ulikuwa mchezo wa watoto wa shule, leo umejaa watu wazima wenye vilabu na mashindano, na wanauita hobi. Hakuna anayewalilia.

Dogo wa Tukuyu hana sanduku wala karatasi. Ramani yake ni stendi, rula yake ni jicho. Amefanya kazi ngumu zaidi, halafu anaitwa "maskini mwenye kipaji". Umaskini umeingiaje hapo? Huyo ni fundi!

Watetezi wa mastaa watasema eti wanampa promo. Promo gani isiyo na jina? Mtu wa Arusha akitaka kuagiza basi, amtafute nani? Staa huyohuyo akisikia wimbo wake kwenye tangazo bila ruhusa, anataja COSOTA fasta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikutungwa kwa ajili ya Bongo Fleva peke yake. Video ya dogo nayo ina mwenyewe.

Na serikali isisingiziwe kila kitu. Basi la boksi halihitaji waziri, linahitaji mteja. Mastaa, mkiposti mtajeni kwa jina. Wekeni namba yake kama ameridhia. Agizeni moja, mlipe bei anayoitaja yeye, bila kuanza "dogo nipunguzie" wakati viatu vyenu vinatajwa kwa mamilioni. Huruma hainunui gundi.

Wadau, wewe umewahi kununua kazi ya dogo kama huyo, au nawe ni wa emoji tu? Shusha maoni hapo chini.