Takwimu za Kalima zinahitaji fundi wa kudumu, si programu ya bure tu

Katika eneo la afya la Kalima, jimboni Maniema, kama kwingineko RDC, hesabu za wagonjwa wa malaria, akina mama waliojifungua na watoto waliochanjwa hufuata njia moja. Kituo cha afya hujaza ripoti ya mwezi kwenye karatasi, ofisi kuu ya eneo huiingiza katika kompyuta, na Kinshasa huisoma. Programu inayobeba kazi hiyo ni DHIS2. Inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, nayo ni huria: nchi yoyote inaweza kuitumia bila kuinunua, kusoma msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, na hata kuubadilisha.

Ruhusa hiyo ni nzuri, lakini ina mtego. Mradi wenye fedha za miaka miwili unaweza kumwambia fundi aguse kiini cha programu ili aongeze anachotaka mfadhili. Oslo ikitoa toleo jipya, nyongeza hiyo haimo. Lazima ifanywe tena. Fundi akiisha kuondoka, wizara itabaki na toleo la zamani lenye matundu, au itapoteza kilichoongezwa.

Matundu si hadithi. Desemba 2021, kasoro kubwa ya usalama iligunduliwa katika Log4j, kipande huria kilichomo ndani ya programu nyingi za Java duniani. Waliokuwa nacho walilazimika kukibadilisha haraka. DHIS2 nayo imeandikwa kwa Java. Asiyeweza kupokea toleo jipya hulala mlango wazi.

Njia bora ipo. Nchini Kenya, KenyaEMR, programu ya mafaili ya wagonjwa, imejengwa juu ya OpenMRS kwa kuongeza moduli zake yenyewe. DHIS2 pia inaruhusu nyongeza za pembeni. Na kosa likionekana ndani ya kiini, marekebisho yapelekwe Oslo, yawafae wote, mzigo usibaki kwa Congo peke yake.

Hayo yanataka watu. Wizara ya Afya iajiri mafundi wa kudumu, iandike kila badiliko, na mfadhili anayelipia nyongeza alipie pia utunzaji wake. Dawa na chanjo hupangwa kwa hesabu hizo. Hesabu zikipotea, mtoto wa Kalima ndiye atakayelipa.